Taa Kipajini

Pale diko la Malindi, mashine ya barafu imekufa tena,
wakamwaga ndani ya beseni langu
kidude cheusi, urefu wa kiatu cha mtoto,
kinywa chote sindano,
na kipajini kikonyo chenye kitone cheupe.
"Bi Mwanakheri, huyu utamkaanga?"

Nimekaanga papa anukaye mkojo,
ngisi, wino ukanibaki kuchani wiki nzima,
na taa. Taa nimewakaanga miaka thelathini,
ila hakuna aliyekuja na taa yake.

Kibwana akasema cha bahari ni halali.
Halali, nikamjibu, si kitamu.
Mzani ukasoma gramu mia mbili, ukanyamaza:
asiye na jina hana bei.
Hata paka wa soko alimnusa, akarudi kinyumenyume.

Nikampaka ndimu na chumvi, mazoea tu.
Jicho lake, punje ya uwatu, likanikodolea
kama mtu aliyeamshwa kwa kumulikwa usoni,
naye maisha yote ndiye aliyekuwa akimulika.

Nikazima jiko.

Jioni nikaliwasha. Njaa haina aibu.
Alikuwa majimaji, chumvi tupu.
Kikonyo nimekitia kwenye kopo la iliki.
Usiku sithubutu kulifungua.