Kisanduku Kisicho na Jina

Zaiga amelichora bwawa zima ukutani:
tabaka la kazi, la data, la programu, la mitambo,
mishale imetii, kila lango na bawabu wake.
Wakubwa wa Riga waliafiki, wakamaliza kahawa.

Imants, fundi wa turbini, hakuketi.
"Na ule waya wa chini ya ngazi?"

Wakashuka.
Modemu ya mwaka tisini na saba,
kitaa cha kijani kikipepesa peke yake,
nywila imebandikwa kwa gundi,
mwandiko wa marehemu Voldemārs.

Ukuta haukusema uongo. Ulinyamaza tu.

Nyuma ya zege, Daugava ilisukuma.

Hakuichomoa; hajui bado imeshika nini.
Alipanda, akachora kisanduku pembeni, kwa penseli,
na mshale mmoja
mpaka kwenye lango la maji.