Moja kwa Elfu Hamsini

Mwalimu Ambokile aliingia darasani na kiazi,
kiazi cha Isongole, udongo mweusi bado machoni.
Akakikata nusu, akakilaza kifudifudi mezani,
akasema: Huu ni mlima. Msicheke.
Tulicheka.

Kisha kisu, kipande baada ya kipande,
unene uleule, kama mtu anayekaangia wageni,
na kila kipande akakizungushia penseli:
kikubwa, kidogo ndani yake, kidogo zaidi,
mpaka kile cha kileleni, sawa na kifungo cha shati.
Alipoinua karatasi, mlima ulikuwa umelala chali
na wanga ukiukaukia.

"Mistari ikibanana," alisema, "andaa magoti.
Ikiachana, piga mluzi."
Hiyo ndiyo maana ya kontua niliyoondoka nayo.
Ile ya kitabuni niliiacha chumba cha mtihani.

Wiki iliyofuata, parachichi.
Tulale ganda mezani, alisema, lilale lote, lisipasuke.
Lugano alibonyeza kwa kiganja, likachanika kaskazini.
Subilaga alianza taratibu, kwa kucha,
likachanika pembeni, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.
"Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa.
Mchoraji lazima aibe mahali:
kwenye umbo, kwenye ukubwa, au kwenye umbali.
Muulizeni kwanza ameiba wapi."
Tukaila dunia kwa chumvi.

Sasa nina meza ofisi ya ardhi, Mbeya,
na droo ndefu kama kitanda.
Loleza iko dirishani.
Kwenye karatasi ni alama ya dole gumba,
kana kwamba kuna aliyeweka sahihi na kwenda zake.
Ngosi nalo, ziwa lililojificha ndani ya mlima,
limezungushiwa mistari yenye meno, meno yakitazama ndani.
Mstari wenye meno ni shimo, si kilima.
Sikulijua hilo mwaka wa kwanza:
nilimwambia mkuu wangu tutapanda
mahali pa kushuka.

Desemba nilimpelekea mama nakala.
Mama anasoma jina lake, na bei.
Tuliitandaza kitandani, pembe moja chini ya taa.
"Sisi tuko wapi?"
Kitone cheusi, kidogo kuliko punje ya ulezi.
"Na kwa babu yako?"
Kitone kingine, ingawa nyumba ile ililala na mvua za masika
nikiwa darasa la pili;
ndege iliyopiga picha ilipita kabla sijazaliwa.
Mama akakigusa kwa ncha ya kidole,
kama anayejaribu chungu kama bado kina moto.

Nikamwonyesha njia ya gulioni.
Sentimita mbili ni kilomita moja, nikamwambia,
na nikaipima: njiti mbili za kiberiti.
"Njiti mbili! Na mkungu wa ndizi kichwani?"
Nikaeleza. Ramani inatazama kutoka juu, kama mwewe,
inapima kana kwamba nchi imenyooka.
Kupanda hakumo ndani ya njiti.
Kumo katika hii mistari ya kahawia,
kila mmoja mita ishirini juu ya mwenzake.

Hakujibu. Alifuata njia kwa kidole,
akivuka mto wa buluu bila kuloa,
polepole, midomo ikitembea,
mpaka mistari ilipoanza kusongamana,
kumi na mmoja katika nafasi ya harage.
Kidole kikasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo ninapotua mzigo."

Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu kubanana.

"Kuna jiwe hapo," akaongeza. "La kukalia.
Mbona hamkuliweka?"
Nilipitia ufunguo wa ramani, chini kulia:
kanisa, kisima, daraja, nguzo za umeme, kinamasi.
Nikapitia tena.
Mama alikuwa ameshaniletea penseli.