Daftari la Kawangware

Kioski kimefungwa. Mayai yamelala kwenye trei.
Kemunto anaifundisha kompyuta ya mtumba kuhesabu madeni.
Mama Achitsa: arobaini. Tena ishirini.
Jumlisha, anaiambia JavaScript.
Jibu: 4020.

Elfu nne na ishirini! Kwa mayai matatu?
Anacheka hadi jirani anagonga bati.

Kumbe alama za kunukuu,
chawa wadogo pembeni mwa tarakimu,
zimegeuza namba kuwa maneno;
na maneno hayajumlishwi, hushikana mikono tu
kama watoto wakivuka Barabara ya Naivasha.
Anazifuta. Sitini.

Amelipa? Hapa hakuna "nitapita kesho":
kweli, au si kweli.
Mashine haijui kuoneana haya.

Kisha Otwoma. Jina lipo, kiasi hakukijaza.
Undefined, inasema mashine: bado hakuna aliyetamka kitu.
Lakini Kemunto anajua. Mia tatu,
tangu kabla ya ile Jumanne ya kuchangia jeneza.

Utupu wa kusahau si utupu wa kusamehe.
Anaandika mwenyewe, herufi nne, polepole:
null.

Anahifadhi. Kesho atanunua trei mbili.