Uzito wa Gunia

Sekunde moja ni picha ishirini na nne.
Tangu asubuhi nimemaliza kumi na moja:
chukudu inateremka, gunia la makala mgongoni mwake,
kijana amebana mpira wa gurudumu kwa kisigino.

"Inaelea," anasema Kasereka, kikombe cha chai mkononi.
"Hilo gunia lako lina pamba."

Natoka. Himbi, jua la saa saba, mawe meusi yale yale.
Nasimama kama mtu anayedai deni
mpaka ya kweli inapita, mbao zikilia:
gurudumu linasita kwanza,
gunia linapata habari baadaye.

Narudi, nashusha blanketi dirishani,
nalichelewesha gunia picha mbili. Tatu. Mbili.
Vumbi nalitawanya upya, jeusi, punje kwa punje;
lile la kwanza lilikuwa safi mno,
vumbi la mtu asiyewahi kufagia.

Kwenye picha ya kumi na tisa umeme unakatika.
Kavira anacheka gizani: "Umehifadhi?"
Simjibu.
Nje, kisigino cha mtu kinakwaruza mpira,
na mimi, bila kutaka, nahesabu.