Pete ya Ekzosi

Alhamisi, baada ya alasiri, Bidiya yote ilinuka petroli.
Watu wa Maskati walikuwa wanapanda na trela zao kuja kuuchezea mchanga,
nami nimelala chali chini ya kidude cha cc hamsini,
chekundu, matairi yake manne yamefura kama maandazi,
mali ya Muhannad bin Zahran, miaka kumi na miwili kasoro mwezi.

Babake alisimama mlangoni, kanzu haijagusa kitu.
"Ifungue. Inatambaa. Binamu zake wanamcheka."
Akaweka riali kumi chini ya spana namba kumi na tatu
ili upepo usizibebe.

Si kazi ngumu. Waliokiunda walikifunga mara tatu
kama mtu asiyeuamini mlango wake.
Skrubu kwenye mkono wa mafuta:
kidole gumba kinasukuma, skrubu inasema hapo hapo.
Bushi ndani ya puli, mkanda usipande.
Halafu hii, pete iliyochomelewa kwenye koo la ekzosi,
tundu lake haliingizi penseli.
Injini inavuta pumzi kifua kizima
na kuitoa kwa mrija wa soda.

Niliikata kwa tupa, masizi yakaniingia hadi puani.
Nikabadilisha na jeti ya kabureta,
maana ukimpa pumzi usimpe chakula atakuungulia mikononi.
Kilipolia mara ya kwanza, Shafqat, mchomeleaji wa jirani,
alinyanyua kinga ya uso akacheka.
Ilikuwa sauti nyingine. Sauti iliyobalehe.

Kwetu husema mtoto akililia wembe mpe.
Nadhani waliosema hawakuwa vinyozi.
Mguu wa kushoto wa mdogo wangu Athmani, kule Kisauni,
una chuma cha daktari na skrubu sita,
na spana iliyoiongezea mbio ile pikipiki
ilikuwa mkononi mwangu.

Magharibi haijaadhiniwa, mamake akaja.
Gari hakuzima. Kioo kilishuka nusu.
Nikaanza Kiarabu changu cha kuokoteza,
akanikata kwa Kiswahili,
kile cha bibi waliorudi na masanduku yao kutoka Unguja,
kilichohifadhiwa kabatini na karafuu, hakitolewi kila siku:
"Fundi, we mtu wa kwetu. Irejeshe.
Babake asijue. Na mwenyewe asijue."
Akanyoosha riali kumi nyingine.

Basi nikabaki na kidude, na riali ishirini za nyumba moja,
na pete kiganjani.

Nikachukua drili.
Nikaipanua pete milimita moja, kisha nusu, kisha nikaacha.
Shafqat akairudisha kwa nukta tatu za moto, hakuuliza.
Skrubu ya mafuta nikaikaza mizunguko minne,
nikaipaka rangi nyeusi kichwani ionekane haijaguswa na mtu.
Kiende mbio kuliko jana.
Kisiende mbio kama leo mchana.

Ijumaa asubuhi nilipanda na chai yangu ya rangi juu ya paa la gereji.
Nikamwona kwenye tuta la kwanza, helmeti ya kijani,
binamu wawili mbele yake, mmoja nyuma.
Mmoja nyuma! Nikapiga funda.

Nusu ya tuta akasimama.
Hakuanguka, alisimama tu.
Akashuka, akapiga magoti mchangani,
akasogeza sikio kwenye ekzosi
kama mtoto anayemsikiliza mtu mzima akidanganya.
Kisha akageuza shingo
akayatazama mabati yetu, muda mrefu,
hata yule binamu wa nyuma akampita.

Chai ilipoa. Riali zao bado ziko chini ya spana.
Jumapili, akitoka skuli, atakuja peke yake kuniuliza.
Sijui kwa lugha gani.