Niliichora Mimi

Karakana ya reli, Tanga, Oktoba sitini na nne.
Redio ya Semkiwa, imefungwa kwa waya juu ya kabati la spana,
inakoroma, inatema mchanga, kisha inasema:
watatu wamepaa, na mmoja wao si rubani.
Ni mhandisi. Kalamu yake imo katika kukichora chombo.
Ndani hamna nafasi, mavazi ya anga hayakuenea;
wamekwenda na sweta.

Sweta! Kidundai alicheka mpaka skrubu zikamwagika.

Semkiwa hakucheka.
Alikuwa chini ya behewa, grisi hadi kwenye kope,
anakaza breki aliyoibuni mwenyewe
kwa chaki, sakafuni, wiki tatu.
Akatoka, akafuta miwani kwa ncha ya shati,
ikazidi kuchafuka.

"Rubani anauamini mtambo," akasema,
"kwa kuwa hajui nati ipi ilisumbua.
Huyu anazijua zote.
Anaijua siku aliyoumwa jino,
na mstari alioufuta mara mbili."

Breki mpya hujaribiwa mteremkoni, upande wa Ngomeni.
Desturi ilikuwa apande kijana wa zamu.
Kijana wa zamu nilikuwa mimi,
mguu mmoja tayari kwenye ngazi.

"Shuka, Athumani.
Hii niliichora mimi."

Saa kumi tukasikia filimbi.
Amekaa mlangoni mwa behewa, miguu inaning'inia,
anauliza kama chai imebaki.

Wale watatu, betri ilikwisha kabla hawajatua.
Tulijua Alhamisi,
kwenye gazeti lililofungiwa karanga.