Shamba Namba Saba

Machi, Wisconsin. Theluji imeoza kandokando ya barabara,
nyeusi kama mkate ulioungua.
Naweka kompyuta mezani kwa Norbert Jeanquart,
kati ya kopo la sukari na bili ya dizeli,
naye anaitazama kama mgeni
aliyeingia na mbwa bila kuuliza.

Programu haina salamu, huanza na maswali.
Ng'ombe wangapi? Mia moja na kumi na wawili.
Mwaka juzi ulipanda nini? Mahindi.
Mwaka jana? Mahindi.
Mwaka huu? Anakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Andika alfalfa," asema Mavis kutoka kwenye sinki.
"Nani kasema alfalfa?"
"Mimi."
Naandika alfalfa.

Udongo unatoka kwenye ramani za serikali.
Mteremko umetoka angani: ndege ilipita na miale yake
ikapapasa kila kifundo cha ardhi.
Mvua ni ya miaka thelathini iliyokwisha kunyesha.
Nabonyeza. Kiduara kinazunguka,
kisha mashamba yanapakwa rangi, moja moja:
kijani, kijani, njano,
jekundu lile la bondeni
("Hilo hata baba alilijua, na hakuwa na umeme"),
kijani tena.
Na la saba, kijani kabisa, kijani cha kujivunia.

Hapo ndipo alipopaswa kufurahi.
Kijani ni ruhusa. Bwawa lake la samadi
limejaa hadi kooni, trekta limetiwa mafuta.
Akavua kofia, akasugua mfuo wake pajini.
"Hilo la saba," akasema, "limekosewa."

Nikaanza kumweleza fosforasi na hesabu zake.
"Hesabu zako sijazikataa. Kuna tundu."

Tundu. Chini ya rundo la mawe, kwenye uzio wa mashariki,
ardhi ilipofumbua kinywa mwaka wa sitini na moja.
Baba yake akalilisha waya, matairi, jiko la chuma,
ndama waliokufa kwa homa,
nalo likameza, likameza,
mpaka wakaliziba kwa mawe
na mdomo wao wakauziba vivyo hivyo.
Huku chini ni chokaa tupu, imejaa nyufa:
kinachoingia tunduni asubuhi
jioni kiko bombani kwa mtu.

Kwa nani, sikuuliza.
Mavis alifunga maji ya sinki.
Kila mtu hapa anaikumbuka ile Aprili
kina Delfosse walipofungua bomba la kuogea
yakatoka maji ya rangi ya chai,
na kichanga chao kikalazwa siku tisa.
Walihama. Bango la kuuza nyumba bado limesimama, limepinda.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Lakini yana njia, na njia inachoreka.

Programu ina kitufe cha kila kitu,
visima, mitaro, kingo za vijito;
haina mahali pa kuandika
*nilijua miaka yote hii*.
Ina alama tu, kiduara cheusi.
Nikamgeuzia kompyuta. "Wewe ndiye unayepajua."
Kidole chake kinene, kucha imepasuka,
kikahangaika. Alama ikaruka hadi barabarani,
ikarudi, ikapita zizi la ndama,
ikasita,
ikatua.

Kiduara kikazunguka.
Namba saba ikaanza kugeuka kuanzia mashariki,
njano kwanza, kisha wekundu ukaenea
kama damu ya pua kwenye leso.
Ekari kumi na moja.

"Na samadi ya ekari kumi na moja niipeleke wapi?"
"Bado sijui," nikasema.
Programu nayo haikujua. Iliandika tu, chini kushoto,
galoni zilizobaki.

Mavis akafungua maji tena. Akajaza bilauri,
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaitazama kwanza kabla ya kunywa.
Mkono haukusita; ni mazoea ya miaka.
Norbert alikuwa bado ameshika kofia,
akiitazama ramani,
si bilauri.